Mafahali Wawili wa Mlima: Mbona Tunamjua Mwariama na Hatumjui Baimungi?

Ile picha umeiona. Kila Siku ya Mashujaa ikikaribia, lazima ipite kwenye simu yako: Mzee Jomo Kenyatta amesimama na mpiganaji mwenye rasta, na chini yake msee ameandika "Kenyatta akiwa na Dedan Kimathi". Komenti zimejaa ngumi na bendera. Shida ni moja tu. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na wakati huo Kenyatta mwenyewe alikuwa mfungwa huko Lokitaung. Mwenye rasta ni Musa Mwariama, Field Marshal wa Mau Mau kutoka Meru, na picha ni ya 1963, nchi ikipata uhuru.

Kurekebisha hiyo kapsheni ni kazi ya dakika mbili. Stori ninayotaka tuongee ni ya jirani yake Mwariama. Kufikia mwisho wa vita, msitu wa Mlima Kenya upande wa Meru haukuwa na mkubwa mmoja. Ulikuwa na wawili. Wa pili aliitwa Baimungi M'Marete, naye alikuwa na cheo kile kile cha Field Marshal. Alilala kwenye baridi ile ile, akawindwa na ndege zile zile, akatoka hai kama mwenzake.

Mwariama alikufa 1989. Baimungi aliuawa Januari 1965. Na usikimbilie kumlaumu Mwingereza, kwa sababu Mwingereza alimtafuta miaka yote ile akamkosa. Waliompata ni askari wa serikali ya Kenya huru, miezi 13 hivi baada ya bendera yetu kupandishwa.

Sasa uliza mabeshte zako Baimungi ni nani, uone vile watakukodolea macho.

Mimi nina maoni yangu kuhusu kilichotokea, na nitayasema mapema ili tusizungushane. Sidhani Baimungi aliuawa kwa sababu alikuwa mbaya, wala Mwariama hakupona kwa sababu alikuwa mwema zaidi. Mwaka wa 1963 nchi hii ilikuwa na washindi wa aina mbili, waliopigana na waliojadiliana, na hakuna mtu aliyekuwa amepanga hawa wawili watakabidhiana vipi. Mahali hakuna mpango wa kukabidhiana, mwenye bunduki nyingi ndiye huwa mpango.

Twende Roma kidogo, tutarudi

Kama ulitazama Gladiator II ilipotoka 2024, unawakumbuka wale makaisari wawili ndugu, Geta na Caracalla. Filamu imewachora kama watoto wa tajiri walioharibika. Watu wenyewe walikuwepo kweli, na maisha yao yalikuwa noma kuliko filamu.

Baba yao alikuwa Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, mji ulio Libya ya leo. Alikufa Februari 211 akiwa kwenye vita huko Uingereza, katika mji tunaouita York. Akawaachia vijana wake wawili kiti kimoja. Mwanahistoria wa siku hizo, Cassius Dio, anasema wosia wa mzee ulikuwa mfupi: elewaneni nyinyi wawili, watajirisheni wanajeshi, wengine wote wapuuzeni.

Ile sehemu ya wanajeshi waliisikia. Ya kuelewana, zii. Waliligawa jumba la kifalme mara mbili na kila mmoja akaweka walinzi wake. Mwandishi mwingine, Herodian, anasema walifikia hata kutaka kuigawa dola yenyewe, Ulaya kwa Caracalla na Asia kwa Geta, mpaka mama yao Julia Domna akawauliza kama na yeye watampasua vipande viwili. Desemba mwaka huo huo Geta aliuawa kwa amri ya kaka yake, akiwa mikononi mwa mama. Alikuwa na miaka 22. Ukikaa hesabu, tangu baba afe ni miezi kumi tu.

Lakini kilichonishika zaidi ni kilichofuata. Caracalla aliamuru jina la Geta lifutwe kila mahali. Dio anasema watu kama 20,000 waliohesabiwa kuwa upande wa Geta waliuawa. Sanamu zilivunjwa. Kuna mchoro wa rangi wa familia hiyo uliohifadhiwa Berlin: baba yupo, mama yupo, Caracalla yupo, na mahali pa uso wa Geta pamesuguliwa pakabaki doa. Kwenye tao kubwa la Severus mjini Roma, maandishi yenye jina la Geta yaling'olewa yakawekwa mengine juu yake. Matundu ya maandishi ya kwanza bado yanaonekana. Wataalamu wameyatumia kusoma kilichokuwa pale mwanzo.

Ndiyo maana nimekuleta huku. Mtu anaweza kufutwa, lakini kufuta kunaacha tundu, na ukilifuata tundu unasoma jina. Sasa turudi mlimani.

Kiti kilichoachwa wazi

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kwa serikali ya kikoloni, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa fungu moja la washukiwa. Kwenye makaratasi yao waliandika KEM, herufi za kwanza za makabila hayo matatu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Mau Mau ilikuwa mambo ya Nyeri na Murang'a peke yake, mwambie atembee kidogo upande wa mashariki wa mlima.

Mwambie aanzie Chuka. Juni 1953 wanajeshi wa King's African Rifles waliua raia 20 hivi pale, baadhi yao wakiwa ni watu wa ulinzi waliokuwa upande wa serikali hiyo hiyo. Kapteni wao, Griffiths, alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Kesi ya kwanza ya mauaji akaachiliwa. Ni 1954 ndipo alifungwa, na hapo ni kwa sababu ya kuwatesa watu. Kisha aende Embu aulize habari za Kubukubu, jenerali wa huko aliyeuawa vitani. Jina lake bado liko kwenye barabara pale mjini.

Mkubwa wa Mlima Kenya mwanzoni alikuwa Waruhiu Itote, General China. Alikamatwa tarehe 15 Januari 1954. Aprili mwaka huo ikaja Operesheni Anvil, Nairobi ikachambuliwa mtaa kwa mtaa na maelfu ya wanaume wa KEM wakapelekwa kizuizini. Vijijini watu wakahamishwa kwa nguvu na kuwekwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa ua. Pembeni mwa msitu wanakijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu ili chakula kisipite. Ndege zikawa zinaangusha mabomu juu. Tarehe 21 Oktoba 1956 Kimathi naye akakamatwa kule Nyeri, na jeshi la Uingereza likaona kazi imeisha.

Kwa watu wa mashariki ya mlima kazi haikuwa imeisha. Kwa hiyo hebu fikiria. China ameenda, Kimathi ameenda, wengi wamekufa au wamejisalimisha. Kiti cha mlima kiko wazi, na waliobaki kukikalia upande wa Meru ni Mwariama na Baimungi, kila mmoja na watu wake na sehemu yake ya msitu. Makaisari wawili, jumba moja, ila hili jumba lina ndovu na mvua.

Na hapa ndipo stori yetu inawazidi watoto wa Severus: hawa hawakumalizana. Mwafaka wao haukuhitaji mama wa kuwasihi. Mafahali wawili wakakaa zizi moja miaka yote hiyo, na zizi halikuvunjika kutoka ndani.

Wakiwa huko ndani, nje dunia ilienda mbio. Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa. Mwaka huo KANU ikaundwa, na wanasiasa wakaanza safari za London, kwenye mikutano ya Lancaster House. Agosti 1961 Kenyatta akaachiliwa. Watu waliovaa suti wakawa wanajadili katiba, mipaka, na bei ya mashamba ya walowezi. Watu waliovaa ngozi wakawa wanasubiri msituni wasikie nani ameshinda.

Tayari uhuru ulikuwa na vyumba viwili, kila kimoja na walinzi wake.

Walichokuta walipotoka

Serikali ya Kenyatta ilitangaza msamaha, na Desemba 1963 wapiganaji wakaanza kutoka. Wengi walipokewa kwenye uwanja wa Ruring'u, Nyeri. Ndizo siku za ile picha ya Mwariama. Mtu ametoka msituni, anashikwa mkono na Waziri Mkuu, kamera zinalia. Ningekuwa mimi ningeona kweli tumeshinda.

Kisha mpiganaji anarudi nyumbani kuangalia shamba. Hapa sikiza vizuri, kwa sababu bila hii sehemu huwezi kumwelewa Baimungi.

Wakati wanaume wako msituni na kizuizini, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kupima ardhi, kuunganisha vipande na kutoa hati. Ulikuwa sehemu ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Ulianza Ukikuyuni, ukaingia Embu, Meru ukafika kwa kuchelewa. Fikiria nani alikuwepo nyumbani siku ya kupima. Aliyekuwepo ni chifu, ni mlinzi wa serikali, ni mtu aliyekuwa na cheti cha utiifu. Hicho cheti cha utiifu ndicho pia kilichompa mtu ruhusa ya kupiga kura mwaka wa 1957. Halafu sheria ikaweka kufuli: aliyeandikishwa mara ya kwanza hawezi kupokonywa, hata ukija na ushahidi kwamba alitumia ujanja. Kufuli hiyo iliwekwa 1959, na sheria ya ardhi ya 1963 ikaibakisha. Yaani bendera ilibadilika, kufuli ikabaki.

"Sawa," utasema, "si kulikuwa na mashamba ya wazungu?" Yalikuwepo. Mpango wa ekari milioni moja ulianza 1962, ukatarajiwa kuwapa makao familia 35,000 hivi. Ila haukuwa wa bure. Serikali ilikopa Uingereza na Benki ya Dunia kununua mashamba kutoka kwa walowezi, na Mwafrika aliyepewa kipande akaanza kulipa huo mkopo. Mtu aliyekaa msituni miaka kumi angetoa wapi malipo ya kwanza? Wizara ya Ardhi na Makao ilikuwa chini ya Jackson Angaine, Mmeru, mtoto wa chifu wa kikoloni ambaye pia aliwahi kuwekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari. Ukiona mtu mmoja amebeba historia hizo mbili kwenye koti moja, ujue wakati wenyewe ulikuwa umechanganyika.

Na jeshi? Jeshi la Kenya huru lilikuwa ni lile lile la King's African Rifles, limepewa jina jipya la Kenya Rifles. Maofisa wengi wa juu walikuwa bado Waingereza. Kikosi cha Lanet kilipoasi Januari 1964, wanajeshi wa Uingereza ndio walioitwa kutuliza. Kwa hiyo mpiganaji anatoka msituni na kukuta wale waliokuwa wakimfukuza ndio jeshi la taifa, na yeye ni raia asiye na kazi.

Baimungi na watu wake walikataa hiyo hesabu. Madai yao yalikuwa rahisi kuelewa: ardhi bila kununua, na nafasi kwa wapiganaji ndani ya serikali na jeshi walilolipigania. Hawakuwa peke yao. Ndani ya Bunge, Bildad Kaggia, mmoja wa wale sita wa Kapenguria, alikuwa anasema karibu maneno hayo hayo kuhusu ardhi ya bure kwa waliopoteza. Juni 1964 Kaggia akapoteza nafasi yake serikalini. Tofauti ni kwamba Kaggia alisema akiwa na kipaza sauti na Baimungi akiwa na bunduki.

Januari 1965 serikali ikatuma askari. Baimungi akapigwa risasi.

"Lakini serikali ingefanya nini?"

Najua kuna mtu tayari ameanza kuandika hiyo komenti. Ni swali la haki, na nitalijibu bila kukwepa.

Ni kweli, hakuna serikali inayoweza kukubali jeshi la pili mlimani. Wapiganaji wenye silaha lazima wale, na msituni hakuna duka, kwa hiyo mzigo unamwangukia mwanakijiji. Mkulima wa Meru aliyechimba handaki kwa nguvu mwaka wa 1954 hakustahili kulisha jeshi jingine mwaka wa 1964. Nchi ilikuwa changa. Jeshi lilikuwa limeasi majuzi. Kaskazini Mashariki kulikuwa na vita vya shifta. Hofu ya serikali haikuwa ya kujifanya.

Lakini kueleza kwa nini mtu alifyatua risasi si sawa na kusema hakukuwa na njia nyingine. Angalia General China. Huyu alikamatwa, akahojiwa na Waingereza, akahukumiwa kunyongwa, akasamehewa baada ya kukubali kusaidia mazungumzo ya kuwatoa wenzake msituni. Baada ya uhuru alipewa kazi ya ukubwa kwenye Huduma ya Vijana kwa Taifa, ile NYS unayoijua. Simlaumu China. Ninachosema ni kwamba nafasi ilikuwepo. Serikali ilijua kumpatia jenerali kazi ilipotaka. Aliyekamatwa akapata ofisi, ambaye hakuwahi kukamatwa akapata kaburi.

Na Mwariama? Kuna watu wanapenda kumfanya msaliti ili Baimungi apate kung'aa. Mimi sikubaliani na hilo kabisa. Mtu aliyekaa msituni mpaka Desemba 1963 bila kukamatwa hana deni la ushujaa kwa mtu yeyote, sana sana sisi wa kushindwa na foleni ya matatu. Alichagua kuishi kwenye amani iliyopatikana. Baimungi alichagua kudai amani iliyoahidiwa. Kwenye nchi iliyojipanga, hao wawili wangekuwa wanabishana kwenye mkutano, wakitoka wanakunywa chai pamoja.

Tatizo ni kwamba mshindi hupenda shujaa asiye na ankara. Kubukubu alikufa vitani, hakuishi hadi 1963 aulize shamba liko wapi, kwa hiyo ni rahisi kumpa barabara. Kimathi alinyongwa, akawa sanamu. Hata hiyo ilichukua muda: Kenyatta alikuwa ameshasema Githunguri mwaka wa 1962 kwamba Mau Mau ni ugonjwa uliotibiwa na usikumbukwe tena. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, ile ya 1950, ilikaa kwenye vitabu vyetu vya sheria mpaka 2003. Soma hiyo tena polepole. Miaka 40 ya uhuru, Mau Mau bado ni chama haramu. Sanamu ya Kimathi pale katikati ya Nairobi ilizinduliwa 2007. Mwaka wa 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wahanga 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso ya kizuizini.

Mwingereza alilipa kidogo na akasema anajutia. Kwa Baimungi hakuna Mwingereza wa kushtaki. Ndiyo maana jina lake ni gumu kulitaja kwenye hotuba. Hili tundu liko kwenye ukuta wetu sisi.

Dawa ilikuwa hapo hapo nyumbani

Kinachoniuma ni kwamba Meru na Embu walikuwa wanajua kugawana mamlaka kabla ya Mwingereza kufika. Hawakuwa na wafalme. Walikuwa na mabaraza ya wazee, Njuri Ncheke ya Meru ikiwa ndiyo maarufu zaidi, na walikuwa na marika. Na marika yenyewe yaligawanyika pande mbili. Meru ni Kiruka na Ntiba. Embu ni Kimanthi na Nyangi. Upande mmoja ukishika uongozi, mwingine unajua zamu yake inakuja. Zamu ikifika kulikuwa na sherehe ya kukabidhi, Wameru wakiiita ntuiko.

Angalia ujanja ulio hapo. Hawakujidanganya kwamba hakutakuwa na pande mbili. Walizipa majina. Walizihesabu. Kisha wakaweka siku ambayo wa zamani anaachia na mpya anapokea, mbele ya watu wote, kila mtu akijua anayeondoka anabaki na heshima gani na anayeingia anapata kazi gani. Roma yote na barabara zake na mawe yake haikuwa na kitu kama hicho. Ilikuwa na wosia wa baba mgonjwa na walinzi wa kununuliwa.

Uhuru wetu haukuwa na ntuiko. Ulikuwa na sherehe ya Mwingereza kumkabidhi mwanasiasa, usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, na wimbo na bendera vikaenda sawa. Lakini msitu haukukabidhi kwa mtu na hakuna mtu aliyeukabidhi chochote. Wapiganaji waliambiwa watoke, waweke silaha, waende nyumbani. Nyumbani ambako hati zilikuwa zimeshatolewa.

Ukiishika hiyo, historia nyingine ya Kenya inaanza kufanana. Mwaka wa 2008, baada ya watu zaidi ya 1,000 kuuawa, Kibaki na Raila walikalishwa kiti kimoja na tukaiita nusu mkate. Waliokatana mapanga mashambani hawakuona hata makombo, wengine walibaki kwenye mahema miaka. Halafu 2024, na hii hauhitaji mwalimu wa historia kukueleza. Juni vijana waliingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, na mswada wa fedha ukakataliwa. Julai baraza jipya la mawaziri likatangazwa, na viti vya ziada vikaenda kwa wanasiasa wa upinzani. Waliopigana upande huu, waliokaa mezani upande ule. Sisemi kila kijana alitaka kiti. Wengi walisema wazi hawataki. Lakini ukikataa kiti bila kusema nani akikalie na kwa masharti gani, kuna mtu atakikalia jioni hiyo hiyo.

Hapo ndipo Baimungi anakuwa wetu. Swali lake halikuwa la Wameru peke yao wala la 1964 peke yake. Aliuliza: tukishinda, nani anahesabu tumeshinda nini? Alikosea kudhani bunduki itamjibia. Na serikali ilikosea zaidi, kwa sababu yenyewe ndiyo ilikuwa na nguvu ya kujibu kwa njia nyingine na ikachagua risasi.

Basi mkitaka kufanya kitu, fanyeni hivi viwili. Mkiona ile picha tena, andikeni jina sahihi: Musa Mwariama, Meru, 1963. Na chini yake ongezeni lingine, hata kama hayuko kwenye picha: Baimungi M'Marete, Field Marshal, aliuawa Januari 1965. Wazee waliokuwa vijana wakati huo bado wapo Tigania, Imenti, Chuka, Mbeere. Ukienda ushago Krismasi, weka simu chini, mwombe babu au nyanya akuambie nani alikuwepo nyumbani siku ya kupima shamba na nani hakuwepo. Utashangaa hiyo stori ina majina mangapi.

Cha pili ni kigumu zaidi. Mara nyingine tukisimama pamoja kudai kitu, kabla hatujaanza kupiga kelele, tukubaliane siku ya kukabidhi itakuwaje. Nani ataongea kwa niaba yetu, kwa muda gani, na atarudi kwa nani kutoa hesabu. Mababu wa mlima walifanya hivyo bila karatasi. Sisi tuna simu mifukoni na bado tunaacha mlango wazi.